Tulichokosa Si Maneno

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Ninaandika makala haya nikiwa na deni. Wale waliohudhuria mdahalo wetu wa muhula wa pili mwaka jana wanalijua deni lenyewe, na pengine hata sasa wanacheka. Hoja ilikuwa kwamba Kiswahili hakitoshi kueleza mambo ya intaneti. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upinzani. Nilikuwa nimejiandaa kwa methali saba na beti mbili za shairi nililotunga mwenyewe. Nikasimama, nikamsalimu mwenyekiti, katibu, mtunza saa na hadhira, nikaanza kwa mbwembwe. Ndipo msemaji wa upande wa pili akainua mkono na kuuliza swali dogo tu: "Ndugu msemaji, hebu tueleze kwa Kiswahili, barua pepe inatokaje hapa mpaka ikafika Mombasa?"

Jamani! Nilifungua kinywa, na yaliyotoka ni haya: "Data ina-travel kwa network, halafu router ina... ina..." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kengele ya mtunza saa ikalia nikiwa nimeshika karatasi yangu ya methali. Hoja ikapita kwa kura nyingi mno.

Mambo yangeishia hapo, ningeyasahau. Lakini kikao cha kamati kilichofuata kiliazimia kwamba ukurasa wa Sayansi na Teknolojia uondolewe katika jarida hili, na nafasi yake ichukuliwe na chemshabongo na vitendawili. Sababu iliyotolewa ni kwamba wanachama wenyewe wameamua kwa kura kuwa lugha haijitoshelezi. Mimi sina ugomvi na vitendawili. Ila azimio hilo naliona kosa kubwa, na ninamshukuru mhariri kwa kunipa nafasi ya kusema ni kwa nini.

Usiku ule wa mdahalo nilimfuata bwenini yule aliyeniuliza swali. Nikamwambia, "Haya, umeshinda. Sasa nieleze wewe kwa Kiingereza." Akaanza kwa kasi, na maneno yote makubwa yakamtoka. Nikamkatiza: "Hiyo router inafanya nini hasa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si inatoa waifai?" Tukatazamana, tukacheka sote wawili.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonipata. Sikuangushwa na Kiswahili. Niliangushwa na kutojua. Na mwenzangu aliyenishinda naye hakujua, ila yeye alikuwa na maneno ya Kiingereza ya kufunikia shimo. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na ninaomba isomwe pole pole: tulichokosa si maneno, tulikosa maarifa. Na mtu akitaka kujua kama analielewa jambo, alieleze kwa lugha ambayo haimpi neno kubwa la kujifichia.

Basi likizo ile nilijitia kuuliza. Nilimsumbua fundi wa maabara yetu ya kompyuta, nikasoma, nikauliza tena. Sasa nitalijibu lile swali, mwaka mzima baada ya kengele kulia. Nikikwama njiani, basi kamati ina haki.

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Intaneti haiko hewani. Nyuma ya maabara yetu kuna kabati la mbao. Ukilifungua utakuta kijisanduku chenye taa za kijani zinazometameta, na waya mwembamba unaotoka nje kupitia tundu la dirisha, ukapanda mlingoti, ukaenda kwenye nguzo za barabarani. Ndani ya waya huo mna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ndani ya uzi huo hupita nuru inayowaka na kuzimika mara mamilioni kwa sekunde. Waifai ni zile hatua chache za mwisho tu, kutoka kijisanduku hadi kompyuta. Hata simu ya mkononi hutuma mawimbi hadi mnara ulio karibu, na mnara nao umeunganishwa na minara mingine, mpaka safari ifike kwenye kebo. Kwa hiyo mtu akikwambia habari zako ziko mawinguni, mwulize ni wingu la jengo gani. Ziko ndani ya kompyuta fulani, katika chumba fulani, chenye mlango, umeme na mlinzi. Kompyuta ya namna hiyo, iliyowekwa kazi ya kutunza na kutoa inapoombwa, ndiyo iitwayo seva.

Pili, barua haisafiri ikiwa nzima. Tuseme mwanachama mwenzetu ametunga shairi la beti 20 na anataka kulituma kwa chama cha shule moja ya Mombasa. Kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo mizani 16, yaani kama herufi 40 hivi tukihesabu na nafasi. Jumla ni herufi 3,200. Kompyuta haijui herufi, inajua namba, na namba zenyewe inaziandika kwa sifuri na moja pekee. Kila herufi ya Kiswahili huchukua baiti moja. Sasa, kwa kawaida fungu moja linaloruhusiwa kupita njiani halizidi baiti 1,500, na sehemu ya hizo huliwa na anwani. Kwa hiyo shairi hukatwa mafungu matatu. Kila fungu hubandikwa anwani ya liendako, anwani ya litokako, na namba ya zamu yake, kisha kila moja hushika njia. Si lazima yapite njia moja wala yafike kwa mfuatano. Kompyuta ya Mombasa huyapanga upya kwa namba zake. Ikiona fungu la pili halijafika, haitoi hakikisho la kulipokea, na kompyuta ya huku hulituma tena. Picha moja ya simu yenye baiti milioni tatu hukatwa mafungu zaidi ya 2,000, nayo hufika bila wewe kujua kwamba ilikatwakatwa.

Kwa nini taabu yote hiyo? Sababu ni matumizi mema ya njia. Simu za zamani zilikuwa kama kukodi matatu nzima. Hata mkinyamaza, viti vyote ni vyenu na mnalipia. Mafungu ni kama abiria wa kawaida, kila mmoja hupanda penye nafasi, na njia moja hubeba shehena ya watu maelfu. Wazo hili lilipatwa na watu wawili katika miaka ya 1960, kila mmoja kwake bila kumjua mwenzake: Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza.

Sasa tufike kwenye ile ruta iliyoniaibisha. Ruta ni kompyuta iliyosimama katika njia panda. Kazi yake ni moja. Husoma anwani iliyobandikwa kwenye fungu, hutazama jedwali lake la njia, kisha hulisukuma fungu kwa ruta inayofuata. Ruta hailijui shairi. Wala haiijui safari nzima. Inajua hatua inayofuata, basi. Wewe mwenyewe umewahi kuuliza njia ugenini. Hakuna aliyekueleza safari yote hadi mlangoni. Mtu alikwambia, "Shika hii hadi sokoni, ukifika pale uliza tena." Ukaenda, ukauliza, ukafika. Hivyo ndivyo mafungu yanavyofika Mombasa, na ndivyo yanavyofika Tokyo. Kile kijisanduku cha kabatini ni ruta pia, ila ni ruta ndogo ya njia panda ya kijijini: upande mmoja maabara yetu, upande wa pili dunia.

Na hiyo anwani ni nini? Ni namba. Namna ya zamani ina namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukipiga hesabu utapata anwani zisizofika milioni 4,300 kwa dunia nzima, nazo zilikuja kuwa haba, ndiyo maana siku hizi kuna namna mpya iliyo ndefu zaidi. Lakini nani atakariri namba? Sisi hukariri majina. Kwa hiyo kuna watunza majina. Ukiandika jina la shule fulani linaloishia kwa sc.ke, kompyuta yako husoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Huwauliza watunza majina wakuu wa dunia: nani anayetunza ke, yaani Kenya? Huelekezwa. Kisha huuliza: nani anayetunza sc, yaani shule za huko? Kisha: shule hii namba yake ni ipi? Ni sawa na mgeni anayeuliza kwa chifu, akaelekezwa kwa mzee wa kijiji, na mzee akamwonyesha boma lenyewe. Maswali yote hayo huulizwa na kujibiwa kabla hujamaliza kupepesa jicho mara mbili.

Hadi hapa sijakwama, si ndiyo? Tuendelee na safari yenyewe, maana hapa pana kisa ambacho kila Mkenya angepaswa kukijua.

Fungu litokalo hapa kwetu bara kwenda Mombasa hupita wapi? Utashangaa kusikia kwamba zamani lingeweza kupitia Marekani. Miaka ya 1990 kampuni zilizouza intaneti nchini zilikuwa kila moja na njia yake ya setilaiti kwenda ng'ambo, lakini hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe hapa nyumbani. Barua ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda jengo la upande wa pili wa barabara ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi, ikashuka Ulaya au Marekani, ikahamishiwa mtandao mwingine, kisha ikapanda na kushuka tena. Kupanda na kushuka mara moja tu huchukua karibu robo ya sekunde, na njia hizo za setilaiti zilikuwa ghali ajabu. Novemba 2000 kampuni hizo zikakubaliana kukutanisha mitandao yao mahali pamoja Nairobi, katika kituo kinachoitwa KIXP. Kampuni ya simu iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa ikalalamika, na mdhibiti akaamuru kituo kifungwe kabla hakijamaliza hata mwezi. Kilifunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mabishano marefu.

Kituo chenyewe ni kitu gani cha kugombaniwa hivyo? Kilianza kama chumba chenye swichi ambayo kila kampuni ilichomeka waya wake. Basi. Hakukuwa na mtambo wa ajabu. Kilichokosekana miaka yote ile hakikuwa chombo, bali mapatano ya majirani kupeana habari bila kupitia kwa mgeni. Nitarudi kwa jambo hili, kwa sababu linafanana sana na hali ya lugha yetu.

Na mambo ya ng'ambo je? Hadi mwaka 2009 tulitegemea setilaiti. Juni mwaka huo kebo iitwayo TEAMS iliwasili Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, safari ya kilomita kama 5,000 chini ya bahari. SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy mwaka uliofuata. Penye kina kirefu kebo hizi hazizidi unene wa mpira wa kumwagilia bustani maji. Katikati yake mna nyuzi za kioo, zikizungukwa na kinga na kipitishio cha umeme, kwa sababu njiani kuna vifaa vinavyoipa nuru nguvu upya, navyo hula umeme unaotoka pwani. Nuru ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kutoka Mombasa hadi Fujairah ni sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Majahazi yaliyopita njia hiyo hiyo yalingoja pepo za kaskazi na kusi, na safari moja ilichukua majuma.

Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano ya data baina ya mabara hupita kwenye kebo za baharini. Na kwa kuwa ni kebo, hukatika. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari ya Mombasa ilikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, EASSy na SEACOM zilikatika katika bahari ya Afrika Kusini. Siku hiyo naikumbuka vizuri. Kesho yake shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya kucheleweshwa na mafuriko, nami nilikuwa nikipanga sanduku. Kwetu nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mjomba alizima simu na kuiwasha mara nne. Mama alisema ni mvua. Jirani akasema ni serikali. Mimi nilisema ni bando imekwisha. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria bahari. Tulikuwa tunatumia kitu kila siku bila kujua kwamba kina mwili, na kisichojulikana kina mwili hakijulikani kinaugua nini.

Jambo jingine ambalo hata walimu wengine huchanganya ni intaneti na wavuti. Intaneti ni hiyo barabara niliyoieleza: kebo, ruta, anwani, mafungu. Wavuti ni moja tu ya shughuli zinazopita juu yake, kama vile barua pepe ni shughuli nyingine. Wavuti ni kurasa zilizounganishwa. Ulibunifiwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva. Pendekezo lake aliliandika mwaka 1989. Ukurasa wa wavuti ni maandishi ya kawaida yaliyotiwa alama: hapa ni kichwa, hapa ni aya, hapa ukibofya utafika ukurasa mwingine. Programu ya kusomea, yaani kivinjari, huiomba seva ukurasa, na seva hujibu. Ile namba 404 inayotuudhi si ishara kwamba intaneti imeharibika. Ni jibu kamili. Maana yake ni kwamba seva imepatikana, imesikia ulichoomba, na inakwambia kwamba ukurasa huo haupo. Ni kama kufika dukani na kuambiwa sukari imekwisha. Barabara haina kosa.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba mtu yeyote anaweza kuutumia ubunifu huo bila malipo. Zawadi hiyo ndiyo iliyoufanya wavuti uenee. Kuunganisha ukurasa wako na wa mwingine hakukuhitaji kibali cha mtu.

Sasa nije kwa jambo lililonigusa kuliko yote, nalo ni hili: sheria za intaneti zilitungwa na nani, na kwa namna gani? Wengi hudhani ni majenerali au matajiri. Fedha za mwanzo kweli zilitoka idara ya ulinzi ya Marekani. Lakini kazi ya kupanga jinsi kompyuta zitakavyozungumza iliwaangukia wanafunzi wa chuo kikuu. Mmoja wao, Steve Crocker, aliandika waraka wa kwanza tarehe 7 Aprili 1969. Wale vijana waliogopa kuonekana wanatoa amri, kwa hiyo nyaraka zao wakaziita maombi ya maoni. Jina hilo limebaki hadi leo. Maelfu ya nyaraka zinazoongoza intaneti bado huitwa maombi ya maoni, na yeyote anaweza kuzisoma bure. Ujumbe wa kwanza wenyewe ulitumwa tarehe 29 Oktoba 1969 kati ya chuo kikuu na taasisi ya utafiti huko California. Walitaka kuandika neno lenye herufi tano, login. Zilifika mbili za kwanza, kisha kompyuta ya upande wa pili ikazima. Nilipolisoma hilo nilifarijika sana. Hata wao walikwama mbele ya watu!

Hadi leo wahandisi wa intaneti wakikutana kujadili sheria mpya, mara nyingi hawapigi kura za mikono. Mwenyekiti huwaomba wanaokubali wavume wakiwa wamefumba midomo, "mmmm", kisha wasiokubali nao wavume, naye husikiliza. Shabaha ni kupatana, si kushindana. Hebu liangalie neno tulilo nalo sisi kwa kanuni hizo: itifaki. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kupatana. Ukisema itifaki, umekwisha kueleza nusu ya jambo. Intaneti ni mitandao mingi yenye wenyewe tofauti, iliyokubali kupatana jinsi ya kupeana mafungu. Hakuna ofisi moja inayoimiliki. Vint Cerf na Bob Kahn waliandika mapatano makuu mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa kwanza ukahamia kwenye mapatano hayo. Mwanafunzi aliyekariri neno la Kiingereza bila maana yake ameshika ganda. Sisi tuna neno lenye kiini ndani, tunaliacha!

Najua pingamizi zitakazokuja, na nizijibu mapema.

Wa kwanza atasema: lakini umetumia ruta, seva, kebo, swichi, na haya si Kiswahili. Ndugu yangu, hesabu, sayari na kalamu nazo zilitoka wapi? Sifuri tulilitoa Kiarabu, na Waingereza nao neno lao la sifuri lina asili hiyo hiyo ya Kiarabu. Hakuna lugha iliyosoma bila kuazima. Zaidi ya hayo, tazama maneno yao wenyewe. Wavuti wao wameuita kwa jina la utando wa buibui. Kifaa cha kubofyea wamekiita panya. Ni maneno ya jikoni na ya barabarani yaliyopewa kazi mpya. Hawakungoja kamati.

Wa pili atasema: mtihani wa somo la kompyuta huja kwa Kiingereza. Kweli, na tuufanye kwa Kiingereza. Lakini aliyeelewa ruta kwa Kiswahili hatasahau ruta ni nini akiiona katika karatasi ya mtihani. Aliyekariri atasahau.

Wa tatu, huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema: Kiswahili ni cha ushairi na methali, tukihifadhi hivyo. Hapa nitasema wazi hata nikichukiwa. Sisi wanachama ndio tunaokidhulumu Kiswahili. Tumekifanya nguo ya Idi, inavaliwa siku ya mashindano, kisha inarudishwa sandukuni. Nakumbuka kikao ambacho tulipoteza dakika 40 tukibishana kama neno sahihi ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Dakika 40! Na hakuna aliyeuliza hicho kitu kinafanyaje kazi. Lugha haikui kwa kupewa majina matatu ya kitu kimoja. Inakua kwa kutumiwa kueleza.

Wako waliokwisha kuonyesha njia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuleta Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyokuwa kwa Kiswahili. Mwaka 2008 Wakenya walitengeneza programu ya kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 na kuzionyesha kwenye ramani. Wakaipa jina Ushahidi, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Jina la Kiswahili lilivuka bahari bila kutafsiriwa. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Ya Kiingereza ina zaidi ya milioni sita. Na ukizifungua zile za Kiswahili, nyingi ni za mistari michache tu. Siku hizi kuna programu zinazojibu maswali kwa kujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Zikijibu Kiswahili kibovu tusizicheke. Zimesoma tulichoandika, na tumeandika kidogo.

Hapo nakirudia kile kisa cha KIXP. Miaka ya 1990 barua ya Nairobi kwenda Nairobi ilizungukia ng'ambo kwa sababu majirani hawakuwa na mahali pa kukutana. Ndivyo yalivyo maarifa yetu leo. Mwanafunzi wa Kenya akitaka kumweleza mwenzake wa chini yake kitanda jinsi barua pepe inavyosafiri, anapanda hadi Kiingereza, anashuka, na njiani nusu ya maana inapotea. Mahali pa kukutana tunapo. Ni lugha. Tuchomeke waya zetu tu.

Kwa hiyo ninaiomba kamati mambo matatu. Kwanza, azimio la kuondoa ukurasa wa Sayansi na Teknolojia lirudishwe mezani katika mkutano mkuu wa mwanzo wa muhula ujao, lipigiwe kura upya. Pili, ukurasa huo ukirudi uwe na sharti moja: mwandishi asitumie neno lolote la kitaalamu, liwe la kuazima au la kubuni, ambalo hawezi kulieleza kwa maneno ya kawaida. Tatu, kwa ruhusa ya mwalimu mlezi na fundi wa maabara, saa moja ya kila Jumamosi tuandike makala ya Wikipedia ya Kiswahili, kila mwanachama makala moja kwa muhula, isomwe na wenzake kabla haijawekwa. Simu hatuhitaji. Kabati lile la mbao linatosha.

Yule rafiki yangu aliyeniuliza swali amesoma makala haya kabla sijayapeleka kwa mhariri. Amesahihisha mahali pawili, moja kuhusu baiti na moja kuhusu sarufi. Ameniambia kwamba safari hii atapiga kura upande wangu, lakini ana swali jingine: kama mafungu hupita katika ruta za watu wasiojulikana, ni nini kinachomzuia mtu kusoma barua yangu njiani? Ni swali zuri sana, nalo lina jibu lenye kufuli na funguo mbili. Jibu hilo linahitaji ukurasa.